Meli ya Fundi Mizani

Mara ya kwanza nilipofanya biashara na Fundi Mizani, hakupatana bei, na hilo ndilo lililonifanya nimtilie maanani.

Nilikuwa nimempelekea mizani yangu ya chini, ile ninayopimia vyuma chakavu, springi imelegea. Njiani nilishajipangia maneno. Nitaanza kwa kulalamika, nitaisema vibaya kazi yake ambayo sijawahi kuiona, nitamtaja fundi wa mtaa wa pili, halafu ndipo nifungue mkoba, taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino. Sikufika hata kwenye lalamiko.

"Iache hapo," alisema. "Utanipa utakachoona."

"Ambacho nani ataona? Mimi au wewe?"

"Wewe, mama. Mimi leo sina nguvu ya kupatana."

Mimi nimejitoa chini kwa mdomo wangu. Nilianza kwa kuokota bawaba kwenye vifusi, nikaja kuuza mlango mmoja mmoja, na sasa nanunua nyumba kuukuu nzima nzima, nabomoa, nauza milango, madirisha, boriti, vigae, hadi misumari iliyonyooshwa. Mtaani wananiita Mama Milango. Kwa ninavyojua mimi, mtu asiyepatana bei ama anazo nyingi mno, ama amechoka kupita kiasi. Huyu shati lake lilifungwa vifungo kwa kupishana, kola moja juu, nyingine chini. Hakuwa nazo nyingi. Basi nikaacha kuitazama mizani, nikaitazama nyumba.

Ilikuwa nyumba ya kona, barabara mbili zinapita, paa bado zima. Fundi alikuwa ameweka karakana yake barazani: meza, sahani za mizani zimening'inia ukutani, mawe ya kupimia yamepangwa kwa ukubwa. Mlango wa mbele ulikuwa wa mabawa mawili, mbao ngumu, bawaba za shaba, siyo hizi za siku hizi zinazoanza kulia baada ya mvua moja. Nilisogea nikaugonga kwa kifundo cha kidole, kama daktari anavyogonga kifua. Ukaitika vizuri.

"Nani anagonga mlango wangu?" sauti ya mzee ikatoka ndani.

"Mteja, Baba," Fundi akajibu.

"Mwambie hauuzwi!"

Nikajua nyumba hiyo ina mtu anayeielewa biashara.

Yule Mzee alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na nyumba ile aliichora mwenyewe hadi kitasa cha mwisho. Alianguka bafuni, na tangu hapo miguu ikagoma. Akili yake nayo ilikuwa kama umeme wa mtaa wetu, unawaka, unakatika, na hakuna anayekuambia utarudi lini. Kitandani kwake kulifungwa kamba iliyopita dirishani hadi barazani, na mwisho wake palifungwa jiwe la mizani. Mzee akivuta, jiwe linaangukia debe, nalo debe linapiga kelele mtaa mzima unasikia. Nikiwa bado nimesimama pale, jiwe likaanguka. Fundi aliweka bisibisi chini, akaingia. Alitoka, akashika bisibisi. Likaanguka tena. Hakusonya, hakuguna. Aliinuka tu, mkono mmoja kiunoni, kama mtu aliyesahau kwamba kuna namna nyingine ya kuinuka.

Niliporudi kuchukua mizani nikamwekea mezani bei ya nyumba.

Aliketi. "Mama Milango, hii nyumba ni ya Mzee na sisi watoto wanne. Mzee hawezi tena kuamua. Tusipokubali wote wanne, hakuna anayeuza hata tofali."

"Basi waulize wenzako."

"Hatuongei."

Akanieleza. Mkubwa wao walimwita Dada Mkubwa, msimamizi wa jiko kwenye hosteli ya wanafunzi mji mwingine, mtu wa kuamrisha hadi sufuria. Wa pili ni kaka yao, Injinia, ambaye hajawahi kuwa injinia. Utotoni alitengeneza kengele ya shule kwa waya wa kuokota, jina likamganda, na maisha yake yote amekuwa akihudumia jenereta za watu. Wa tatu ni yeye mwenyewe. Wa mwisho ni Kitinda, muuza viatu. Mama yao alipofariki, baada ya mazishi redio yake haikuonekana. Kila mmoja alijua nani ameichukua, na kila mmoja alijua mtu tofauti. Tangu siku ile kundi lao la familia kwenye simu lilikuwa la picha za maua. Asubuhi waridi, kesho yake waridi jingine. Mtu akithubutu kuandika neno la kweli, wanavurugana, halafu maua yanarudi.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Kulala," alisema. "Siuzi kwa tamaa. Nikipata vyumba viwili, choo karibu, na mtu wa kunisaidia kumgeuza, nitalala. Mgongo umekwisha. Nikiwaambia, Dada anasema nataka kumtupa baba. Injinia anauliza ni nani amenihonga. Kitinda anatuma ua."

Nilimpa pole, na nilimaanisha. Lakini pole haizuii hesabu kichwani. Ndugu wanne wasioongea ni soko zuri. Unamchukua mmoja mmoja, na wa mwisho anauza kwa hasira tu, bei anaisahau. Kona ile niliitaka. Nikaanza kupita pale kila baada ya siku chache, eti namsabahi Mzee, huku napima fremu kwa macho.

Alasiri moja nilikuta vita. Fundi alikuwa anamwogesha Mzee kitandani kwa beseni na kitambaa, na Mzee hakutaka. Alikuwa anampiga mwanawe kwa ngumi dhaifu, kifuani, mashavuni, na mwanawe anaendelea kupangusa, uso ameugeuza pembeni tu ili jicho lisiguswe. Mara Mzee akatulia. Alikuwa chali, anaitazama dari. Dari ile ilikuwa ya mbao za mraba, safu kwa safu.

"B nne," Mzee akasema.

Fundi akaacha kupangusa. "Maji," akajibu.

"Muongo wewe. Hapo kuna meli."

"Maji, Baba. Jaribu tena."

"D saba."

"Moto!"

Mzee akacheka, mkono ukashuka. Akageuzwa upande wa pili bila kujua amegeuzwa.

Kwa asiyeujua mchezo huo: mnakuwa wawili, kila mmoja na karatasi ya miraba, safu zina herufi, mistari ina namba. Unazificha meli zako kwenye karatasi yako, mwenzako anabahatisha. Mraba hauna kitu, unamjibu "maji". Una meli, unasema "moto", na unaumia moyoni. Mzee aliwafundisha wanawe kwenye mabaki ya karatasi za kazini, nyakati ambazo umeme umekatika na hakuna la kufanya.

Siku iliyofuata Fundi alirekodi sauti ya Mzee akisema "B nne", akaitupia kundi la familia, katikati ya maua. Alinionyesha baadaye. Injinia, aliyekuwa kimya miezi mingi, aliandika: "Maji!" Kitinda akaandika: "Maji wapi, hapo ndipo palikuwa na manowari yangu, Baba ananipata hapo hapo kila siku." Dada Mkubwa akaandika: "Acheni utoto. C saba."

Wakaanza kucheza, kila mmoja mjini kwake. Haikupita wiki, Dada Mkubwa akamshika Injinia.

"Umeihamisha meli! Jana pale nilipiga moto!"

"Sijahamisha kitu."

"Unahamisha tangu darasa la tatu!"

"Na wewe redio uliihamishia wapi?"

Kesho yake asubuhi, waridi.

Nilidhani yameishia hapo, na kwa upande wangu ilikuwa heri. Lakini Fundi Mizani alikuja mwenyewe uani kwangu, mahali ambapo vijana wangu hupanga milango, amekunja karatasi kubwa kwapani. Akainyoosha juu ya mlango mmoja uliolala. Karatasi ilikuwa ya miraba, ya Mzee, na juu yake amechora meli moja tu, imejaa karatasi nzima.

"Mwanzo kila mtu alikuwa na meli yake anaificha," alisema. "Humo ndimo tunamovurugana. Sasa tutakuwa wote ndani ya meli moja. Dada amepewa jiko na stoo ya chakula. Injinia mashine. Kitinda bohari la mizigo. Mimi chumba cha nahodha, na nahodha ni Mzee, amelala. Kila mtu ameandika kwake nini kimo katika kila mraba wake. Mraba ukipigwa, anasema ukweli kilichokuwepo na kilichoharibika. Na anasema kama mtu wa melini."

"Na anayepiga ni nani?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka uwe bahari."

"Niwe nini?"

"Bahari. Kila alasiri unatutajia mraba mmoja. Wimbi limepiga hapo."

"Fundi, mimi nauza milango. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wote wanajua unaitaka nyumba, na wanakuchukia sawasawa."

"Ahsante sana."

"Siyo tusi, Mama Milango. Akipiga ndugu, watasema anaonea. Ukipiga wewe watasema ndivyo ulivyo."

"Na mimi napata nini?"

"Hupati kitu."

Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza kukunja karatasi. Mnunuzi anakaribishwa ndani ya kundi la wauzaji, anasoma wanavyosemezana kila siku, halafu anaambiwa hapati kitu!

Sharti moja lilikuwa kubwa kuliko yote, na Fundi alilirudia mara nyingi: aliyepigwa haruhusiwi kuziba tundu lake mwenyewe. Lazima mwingine aje. Na anayekuja aseme anatokea wapi, amebeba nini, na ameacha nini nyuma bila mwangalizi.

Nikaanza. "A mbili," niliandika.

"Mpishi mkuu hapa," Dada Mkubwa akajibu. "Hilo lilikuwa pipa la unga. Limetoboka, unga umekuwa uji, na hakuna atakayekula mpaka mtu alete msumari."

"Fundi mitambo natoka chini na msumari na kitambaa," akaandika Injinia. "Nimeiacha mashine inakohoa."

"Mimi nabeba ndoo," akaandika Kitinda, "lakini mpishi asinipigie kelele."

"Nitapiga. Ndiyo kazi yangu."

Fundi Mizani alikuwa akimsomea Mzee yote hayo wakati wa kumwogesha, na Mzee akitoa amri kutoka kitandani, anaitazama dari yake. "Waambie wafunge mlango wa chini kwanza, maji yasipande." Fundi anakausha kidole, anaandika: "Nahodha anaamuru mlango wa chini ufungwe." Wote watatu wanajibu, "Ndiyo, nahodha." Ngumi zikapungua. Hazikuisha, zilipungua.

Mimi nilikuwa nasoma kwa jicho langu. Ukiwa mtu wa soko unamjua mtu kwa namna anavyojibu, siyo kwa anachojibu. Anayejibu upesi ana nafasi. Anayejibu kirefu ana upweke. Huyo alikuwa Injinia, anaweza kukuelezea bomba moja kama hotuba ya harusi. Anayechelewa na kuomba radhi ana shida. Kitinda alianza kuchelewa, na kuomba radhi.

Nikampigia pembeni. "Mwanangu, wewe ukikubali kuuza, fungu lako nitalitoa mapema, kabla ya wenzako."

Akashusha sauti. "Nipe siku mbili tatu, mama. Usiwaambie."

Nikajua mguu mmoja umeshaingia. Ili na wa pili uingie, nikaanza kulipiga bohari lake. Leo G mbili, kesho G tatu. Nilitaka wenzake wachoke kumchotea maji, wamnung'unikie, aone hana watu. Mara ya kwanza alisema kamba zimelowa, Injinia akaja. Mara ya pili aliandika:

"Bohari. Hapo palikuwa pa viatu. Hamna kitu."

"Hamna kitu kivipi?" Injinia akauliza. "Vimesombwa?"

"Havijasombwa. Rafu tupu. Muda sasa."

Dada Mkubwa akaingilia. "Kitinda. Hii ni meli au ni kibanda chako?"

Nilikuwa nimeshika simu mkono mmoja, nyundo mkono wa pili. Jibu lilichelewa.

"Vyote."

"Kwa nini hukusema?"

"Kusema wapi, Dada? Kati ya ua na ua?"

Halafu Dada Mkubwa akaandika: "Mpishi anafunga jiko. Anakuja bohari. Ameacha chungu motoni. Pokea simu."

Nilipompigia Kitinda keshoye alinijibu kwa adabu nyingi. "Shikamoo mama. Lile jambo nimeshaongea na Dada." Ukisikia shikamoo ya namna hiyo, ujue umefungiwa mlango.

Basi nikageuza mkono. Aliyebaki ni Fundi mwenyewe, na yeye tayari anataka kuuza. Kilichomzuia ni kuwaonea haya ndugu zake. Nikafikiri hivi: hao wanakimbiliana unga na mashine, vitu vya karatasi. Kwa Mzee wa kweli hakuna aliyewahi kukimbia. Nikikipiga chumba cha nahodha, watanyamaza, na yeye ataona kwa macho yake wamenyamaza. Akishaona hivyo, atatia sahihi, na yeye ndiye atakayewasukuma wengine kwa hasira. Nikaandika: "E tano."

Nilinyoosha msumari mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha jibu likaingia.

"Chumba cha nahodha, mlangoni. Hapa amesimama mtu mmoja. Kazi yake ni kumgeuza nahodha asichubuke mgongo. Amesimama tangu meli itoke. Leo wakati anamwinua ameanguka. Nahodha hajaumia. Mtu huyu hainuki vizuri. Tundu ni kubwa."

Nilisoma mara mbili. Sikuweza kujua hayo yameandikwa lini: zamani kwenye mraba wake, au sasa hivi sakafuni. Nyumba yao haikuwa mbali na uani kwangu. Nilivaa viatu nikaenda.

Nilimkuta ameketi chini, mgongo kwenye ubavu wa kitanda, miguu imenyooka mbele. Beseni limepinduka, maji yametapakaa hadi mlangoni. Mzee alikuwa salama kitandani, shuka nusu, anahesabu dari. Simu ilikuwa mkononi mwa Fundi, imewaka.

Nikampa mkono. "Inuka."

"Niache kidogo, Mama Milango. Nataka nione kama kuna atakayekuja."

Nilichungulia simu. Wote watatu wamesoma. Hakuna aliyejibu.

Sikuona sababu ya kuzunguka. "Fundi, hawaji. Wewe unajua na mimi najua. Tia sahihi upande wako leo, vyumba viwili nitakutafutia mwenyewe, choo karibu kama ulivyotaka. Wengine niachie mimi."

Aliyatazama maji sakafuni. Ilikuwa sakafu ya saruji, dirisha wazi, jua la alasiri linaingia.

"Sakafu ikikauka hawajajibu, natia."

"Sakafu yote?"

"Hadi pale kwenye kizingiti."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yule kupatana nami, na alipatana kwa maji. Nikavuta kiti nikakaa. Sikufuta, hakufuta. Mzee alitaja mraba mmoja, hakuna aliyemjibu. Maji yalianza kurudi nyuma kwenye pembe, yakaacha madoa, madoa yakafifia. Niliwahi kungoja nyumba za watu kwa miezi, sijawahi kungoja kama nilivyongoja sakafu ile. Fundi hakuitazama sakafu hata kidogo. Alikuwa anakitazama kioo cha simu, na kikizima anakigusa kiwake.

Pale kizingitini palibaki alama moja, upana wa sahani, simu ikalia.

"Fundi mitambo hapa," alikuwa ameandika Injinia. "Nimezima mashine."

Nilikuwa nimesoma ujumbe wake wote tangu mchezo uanze. Siku zote mashine huiacha inakohoa. Hakuwahi kuizima.

Fundi Mizani akaandika, kwa mujibu wa sharti: "Unatokea wapi? Umebeba nini?"

"Natokea kazini. Nimeomba ruhusa, ndiyo maana nimechelewa kujibu, bosi alikuwa anabisha. Nimebeba begi. Nakuja nyumbani. Siyo melini, nyumbani."

Kabla sijameza mate, Dada Mkubwa: "Mpishi anatafuta wa kumwachia funguo za jiko. Injinia akae mpaka nifike. Na mtu asimwinue huyo aliyeanguka kwa kumvuta mkono, anaharibika zaidi."

Na Kitinda: "Bohari langu tupu, kwa hiyo mimi sina cha kuacha. Nakuja na ndoo."

Fundi aliiweka simu juu ya paja. Nilimngoja aseme kitu, maana mimi mdomo wangu ulikuwa mkavu kuliko sakafu. Alijishusha taratibu, akalala ubavu pale pale kwenye saruji, mkono chini ya kichwa, na kabla sijasimama akawa anakoroma.

Sasa ningefanyaje? Mtu amelala, mgonjwa yuko macho, na ndani hamna mwingine. Nilivuta shuka la Mzee vizuri. Akanigeuzia macho.

"B nne," akaniambia.

"Maji, mzee wangu."

"Muongo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Nilikaa hadi jirani alipopita, nikamwachia zamu.

Walipofika wote waliniita barazani. Nilikwenda nimejiandaa, lakini nilishaona dalili mbaya tangu getini: walikuwa wameketi upande mmoja wa meza, bega kwa bega, na kiti changu kimewekwa ng'ambo. Nikimsemesha Kitinda, anajibu Injinia. Nikimgeukia Injinia, anajibu Dada Mkubwa. Kila nilipotafuta ufa palikuwa na mtu ameshauziba, na mazoezi hayo niliwapa mimi mwenyewe.

"Nyumba hatuuzi," alisema Dada Mkubwa. "Ila uwanja wa pembeni, unaotazama barabara, tunaweza kukukodishia. Upange milango yako hapo."

"Uwanja wenyewe mwembamba."

"Basi usichukue."

Nikaomba wapunguze kodi. Wakapunguza, lakini kwa masharti: nitoe mlango mpana wa bafu, kiti cha magurudumu kipite, vijana wangu wauweke, na kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, vijana wawili waingie kumgeuza Mzee na kumtoa barazani.

"Vijana wangu ni wa kubeba milango," nikasema.

"Mzee ni mwepesi kuliko mlango," Dada Mkubwa akasema. "Na hana pembe."

Hata mimi nilicheka. Nilijaribu la mwisho: nikauomba ule mlango wa mbele wa mabawa mawili, niwape mwingine na nyongeza juu. Hawakupata nafasi ya kujibu.

"Mwambie hauuzwi!" ikatoka sauti ndani.

Tukamalizana hivyo. Kona niliikosa. Nilipata kipande cha uwanja chenye upana wa lori moja, lakini kinaonekana kutoka barabara zote mbili, na siwezi kudanganya, milango inatoka vizuri kuliko ilivyokuwa uani. Vijana wangu huingia kazini wamechelewa kidogo kwa sababu ya Mzee, na mmoja ameanza kumwita babu.

Wao walibaki na nyumba na mgonjwa. Wakapanga zamu, na zamu hazikwenda kama walivyoapa. Injinia alikaa hadi ruhusa ikaisha, akarudi kwenye jenereta zake; hurudi anapoweza. Dada Mkubwa zamu yake huisogeza mbele, akifika anaamrisha kwa bidii ili kufidia. Kitinda ndiye aliyehamia, kwa kuwa hakuwa na pa kurudi, na anagombana na Fundi kuhusu chumvi, sabuni, na nani ameacha taa inawaka. Redio ya mama haijapatikana. Siku hizi wanamsingizia Injinia wote kwa pamoja, na yeye anajibu kuwa imo bohari la chini, mraba ambao bahari haijaufikia.

Maana bahari bado ni mimi. Walilitia hilo kwenye makubaliano bila kuniuliza. Alasiri naandika mraba mmoja, halafu naendelea na wateja.

Fundi Mizani hakunenepa wala hakurudia ujana. Mgongo ulibaki umepinda upande mmoja, na baadhi ya wateja wake walishahamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Bado anachoka, kumtunza mtu ni kumtunza mtu. Lakini juzi mizani yangu ililegea tena springi, nikavuka uwanja nikaiweka mezani kwake. Shati lilikuwa limefungwa sawasawa. Nikamwambia kwa mazoea, "Nitakupa nitakachoona."

"Hapana, Mama Milango," akasema. "Bei yangu ni hii hapa." Akaitaja.

Nikalalamika. Nikaisema vibaya kazi yake ya mara ya kwanza. Nikamtaja fundi wa mtaa wa pili.

"Mpelekee basi," akasema, akapiga mwayo mrefu, akaivuta mizani upande wake wa meza.

Tulivutana hadi jiwe likaanguka kwenye debe mara mbili, na mara zote mbili aliyeinuka ni Kitinda. Mwishowe nililipa alichotaka.